Kuua viini ndani ya matatu za Rongai: shajara ya mradi wetu wa steji

Machi 8

Naanza kuandika leo kwa sababu wiki hii watu watatu wameniuliza tunapanga kufanya nini na gari pale steji, na mwenye atataka kuiga afadhali ajue tutakapoanguka ndio asianguke hapo hapo. Nilifanya usafi wa wodi miaka sita kabla sijafungua hii kazi ya kuosha magari huku Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Gari zinazokuja kwangu nyingi ni zile za viti 33 zinazoenda steji ya Railways katikati ya Nairobi, na mwezi wa pili konda watatu wa laini moja walianguka wiki moja, wawili mafua mazito, mmoja kuhara mpaka akawekewa maji. Siwezi kusema walitoa ugonjwa kwa gari. Lakini hizo gari naziosha mimi na najua tunaosha nini: nje ing'ae, rimu zing'ae, ndani ufagio na maji kwa sakafu, basi. Mahali abiria anashika hakuna mtu anapitisha kitambaa.

Mnakumbuka 2020, kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13 na baada ya hapo kila steji ikawa na mtungi wa maji na sabuni, gari ya watu 14 ikabeba 8, konda anakumiminia sanitaiza mlangoni kabla hujaingia. Ile mitungi imeenda wapi sijui. Mafua hayakuenda, kuhara hakukuenda, TB (kifua kikuu) haikuenda.

Kazi ya leo ilikuwa kuhesabu tu. Nilipanda gari mbili kwenda tao (mjini) na kurudi na daftari, nikakaa nyuma, nikaandika kila mahali mkono unagusa. Nilidhani itakuwa mlango na lile bomba la juu. Kumbe mahali panashikwa kuliko pote ni juu ya mgongo wa kiti, pale kwa kona ya upande wa njia, kwa sababu kila mtu akipita gari ikitembea anajishikilia hapo, halafu mtoto aliyebebwa anaweka mdomo hapo hapo. Nimeona watoto wanne kwa safari moja. Halafu lachi za dirisha, vifungo vya mikanda, na kile chuma cha mlangoni ambacho konda ananing'inia nacho na kukigonga na sarafu ili dere (dereva) asimame. Mbele kuna usukani, gia, na redio. Jumla nimepanga sehemu 20 za kufuatilia kwa kila gari.

Machi 15

Jaribio la kwanza, na halikufaulu.

Nilinunua pampu ya mgongoni ya lita 16, ile ya kunyunyizia nyanya dawa, KSh 2,800. Wazo lilikuwa kijana anaingia, anapuliza gari yote dakika tatu, anatoka, gari inaenda. Mafundi wengi walifanya hivyo wakati wa korona na kwa macho inaonekana kazi kubwa sana, ukungu mweupe, mtu amevaa ovaroli. Tukapuliza gari mbili na maji ya klorini.

Baada ya kupuliza nikapitisha kidole chini ya vishikio. Pakavu. Nyuma ya mgongo wa kiti palikuwa na matone hapa na pale, katikati ya tone na tone hakuna kitu. Viti vya kitambaa navyo vilikunywa maji mpaka abiria wa kwanza wakainuka na suruali zimelowa, na dere akaniambia, "Auntie, hawa watu wanashuka na hasira, na mimi ndio nawabeba." Kijana wangu aliyepuliza alikohoa mpaka jioni. Na lile jasho na mafuta ya mikono yaliyoganda pale juu ya viti yalibaki vile vile, ukikwaruza na ukucha yanatoka meusi.

Ningejua, kwa sababu wodini hatukuwahi kupuliza. Hata Shirika la Afya Duniani Mei 2020 lilisema wazi kwamba kupuliza dawa ndani ya majengo si njia ya kutegemea kwa korona, na kupuliza watu ndio kabisa usifanye. Klorini ikikutana na uchafu inamalizwa na ule uchafu kabla haijafika kwa kiini. Lazima uoshe na sabuni kwanza, kwa mkono, halafu dawa ije kwa uso msafi, na ikae imelowa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Pampu nimeuza kwa mkulima wa Kiserian, KSh 1,500.

Machi 16

Mpango mpya. Ndoo tatu (KSh 750), vitambaa vya maikrofaiba 24 (KSh 1,920), glovu nzito za mpira jozi tatu (KSh 600). Ndoo ya kwanza maji ya sabuni, ya pili maji ya Jik (ile dawa ya madoa yenye klorini), ya tatu maji matupu ya kupangusa mwisho. Kitambaa unakikunja mara mbili unapata pande nane, kila upande unapangusa viti viwili halafu unageuza, zikiisha kinaenda kwa karai ya vichafu, hakirudi kwa ndoo. Hii ya kutorudi kwa ndoo ndio vijana walikataa sana mwanzoni, waliona ni kuharibu vitambaa, lakini ukichovya kitambaa kichafu kwa ndoo unachukua uchafu wa kiti cha nyuma unampelekea dere kwa usukani.

Kipimo: Jik yangu imeandikwa asilimia 3.5, na ninataka asilimia 0.1, kwa hivyo sehemu moja ya Jik na 34 za maji. Kwa lugha ya steji, mililita 300, yaani ujazo wa ile chupa ndogo ya soda, kwa lita 10 za maji. Lakini USITUMIE chupa ya soda yenyewe kupimia wala kuwekea, mtu ataikuta amechoka na jua atakunywa. Sisi tumekata mtungi mdogo tukachora mstari mwekundu na kalamu ya rangi.

Machi 23

Wiki mbaya. Makosa mawili na yote nayaandika vile yalitokea.

La kwanza ni langu mimi. Nilitaka kuhakikisha maji yetu yana nguvu, nikanunua vikaratasi vya kupima klorini kwa duka la vifaa vya kuogelea, KSh 1,300 vipande 50. Nikachovya moja kwa ndoo, ikawa na rangi kidogo halafu ikarudi nyeupe kabisa. Nikasoma kwa chati, nyeupe ni sifuri. Nikasema basi Jik hii haina kitu, nikaongeza. Nyeupe tena. Nikaongeza tena mpaka macho yakawasha, na hapo bado kikaratasi kinaniambia sifuri, na sisi tukaendelea na kazi na hayo maji. Kiti cha kitambaa cha nyuma ya dere kilipata michirizi myeupe kama ramani, na kushona kingine kukanigharimu KSh 2,200. Mwenye gari hakunipigia kelele, alisema tu, "Mama, gari ni mkopo." Hiyo iliniuma kuliko kelele.

Kilichotokea ni hiki: hivyo vikaratasi vimetengenezwa kwa maji ya kuogelea yenye miligramu chache za klorini kwa lita. Sisi tuna kama 1,000 kwa lita. Klorini ikiwa nyingi hivyo inachoma ile rangi yenyewe ya kikaratasi, unaona nyeupe, unadhani hakuna kumbe imejaa kupita. Dawa yake ni kupunguza kwanza kwa kiwango unachojua. Chukua mililita 5 za maji ya ndoo kwa sirinji, weka kwa chombo, ongeza maji mpaka ifike lita moja, hapo umepunguza mara 200. Ukisoma 5 kwa kikaratasi, ndoo yako iko sawa. Na kabla ya hapo pima maji matupu pia, kwa sababu maji ya kanjo (ya bomba la mji) yanaweza kuja na klorini yake kidogo.

Kosa la pili lingetuulia mtu. Kijana wa kuosha, mgeni, aliona maji ya Jik "hayana nguvu" akaongeza dawa ya choo kwa hiyo ndoo, ndani ya gari, milango imefungwa kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Dawa nyingi za choo zina asidi. Jik na asidi zinatoa gesi ya klorini. Nilisikia tu anakohoa kohoo si la kawaida, nikafungua mlango, tukamvuta nje, madirisha yote tukafungua, hakuna aliyerudi ndani kwa saa nzima. Tulimpeleka kliniki akaangaliwa, jioni alikuwa anapumua vizuri. Sikulala huo usiku.

Sheria tangu siku hiyo: kuosha kwangu kuna dawa moja ya kuua viini, ni Jik peke yake, na sabuni moja, ya vyombo. Hakuna ya choo, hakuna amonia, hakuna spiriti ndani ya gari (spiriti inashika moto, na hapo chini ya dashibodi nyaya zingine ziko wazi). Jik inakaa kwa sanduku la kufuli, ufunguo nashika mimi. Kazi ya klorini inafanywa milango na madirisha yakiwa wazi, mvua inyeshe ama isinyeshe, kukinyesha sana tunangoja.

Aprili 6

Sasa swali langu lilikuwa, tunaosha kweli ama tunapitisha tu? Kwa macho huwezi kujua. Wodini walikuwa wanatutegea alama isiyoonekana kwa vitanda, halafu baadaye wanamulika na taa ya samawati, ikiwaka bado basi hukupangusa. Nikaona naweza kufanya hivyo na ile tochi ya kuangalia noti bandia, KSh 400 tao.

Mara ya kwanza nilitumia maji ya toniki yale ya dukani, kwinini iliyo ndani inawaka samawati. Nikaweka alama 20, vijana wakaosha, nikamulika: zote zimeenda. Ishirini kwa ishirini. Nilifurahi dakika kumi halafu nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu nilijua mmoja hakufika kiti cha nyuma. Nikajaribu mwenyewe pembeni, nikadondosha tone la maji ya Jik juu ya alama bila kupangusa. Ikazima. Kumbe klorini inaua mwanga wa kwinini, kwa hivyo hata tone likiruka tu alama inapotea na mtu anaonekana amefanya kazi.

Mara ya pili nikatumia uji wa sabuni ya unga ya kufua, ile inayofanya nguo nyeupe ziwake. Unapaka kidogo, ikikauka haionekani. Lakini siku hiyo sabuni ya vyombo ilikuwa imeisha na vijana walikuwa wameoshea gari na sabuni hiyo hiyo ya unga, nikamulika gari yote ikawaka kama disko, kila kiti, sakafu, mpaka usukani. Kazi bure.

Njia iliyofanya kazi: alama ni ya sabuni ya unga, kuosha ni na sabuni ya maji ya vyombo (mulika kwanza yako, zetu hazikuwaka), na unakagua BAADA ya hatua ya sabuni KABLA ya Jik. Usikague mwisho.

Matokeo ya kweli ya kwanza: alama 7 kati ya 20 ndizo zilitoka. Na hii ni gari ambayo ningeapa imeoshwa. Zilizobaki zilikuwa chini ya vishikio, kwa vifungo vya mikanda, ndani ya lachi za dirisha, na benchi yote ya nyuma, maana mtu anaanza mbele na nguvu akifika nyuma amechoka na konda anapiga gari mkono twende. Tukageuza, tunaanza nyuma tunakuja mbele. Niliwapa vijana tochi wajimulikie wenyewe, sikuwagombeza, na hapo ndio kazi ilibadilika, walikuwa wanashindana. Jumatano 16, Jumamosi 18. Mbili zilizokataa ni vifungo vya mikanda, hivyo tunatumia mswaki mkuukuu.

Aprili 13

Fupi. Nilinunua Jik ya mtungi wa lita 5 isiyo na lebo, KSh 450, nikidhani naokoa pesa. Nimechanganya kipimo kile kile, nikapunguza mara 200, kikaratasi kikasoma 2 badala ya 5. Yaani nguvu haifiki hata nusu. Inaweza kuwa imezeeka, inaweza kuwa imeongezwa maji, mimi siwezi kujua kutoka nje ya mtungi, na kama nisingekuwa na vikaratasi ningeendelea kupangusa na maji yenye harufu tu. Huo mtungi sasa unaosha choo chetu.

Pia nilipima ndoo iliyokaa wazi kwa jua kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Asubuhi 5, saa kumi chini ya 2. Jua na joto vinaimaliza, na vitambaa vikichovywa vinaimaliza zaidi. Kwa hivyo ndoo ina kifuniko, inakaa kivulini, na saa saba inamwagwa inachanganywa mpya. Ya jana haitumiki.

Aprili 27

Hapa ndio mradi ulikaribia kufa, na si kwa sababu ya dawa, ni kwa sababu ya saa.

Gari ya viti 33 na vijana wawili inachukua dakika 25: sabuni kama 12, Jik 5, kungoja ikiwa imelowa, kupangusa na maji matupu ili vyuma visishike kutu, na kukauka. Kwa klorini ya 0.1 nataka uso ukae umelowa si chini ya dakika moja, mimi nahesabu tano kwa sababu plastiki za hizo gari zina mikwaruzo. Kwa jua la mchana dawa ilikuwa inakauka kabla ya dakika moja, kwa hivyo tunaingiza gari chini ya mti na kitambaa kinakuwa kimelowa kweli, si kukamuliwa mpaka mwisho.

Sasa mwambie dere akupe dakika 25 saa kumi na mbili asubuhi. Dere ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari jioni, iwe abiria walikuwa ama hawakuwa, na kila tripu anayokosa inatoka kwa mfuko wake na wa konda. Nilikuwa nawaona kama hawajali afya. Mzee mmoja, dere wa miaka mingi, aliniketisha akaniambia, "Madam, saa tano mpaka saa nane gari zinapanga laini hapa zinangoja zamu, dere analala kwa usukani. Njoo saa hiyo, usimnyime tripu, hatakunyima gari." Nilikuwa nimekaa hapo steji siku zote na sikuwa nimeona.

Tangu wiki hiyo tunafuata gari kwenye laini badala ya kungoja zije kwetu. Tunafanya gari nne kati ya saa tano na saa nane. Usiku gari ikilala inapata ile kamili, mchana ikingoja zamu inapata sehemu 20 peke yake, dakika kumi na moja hivi.

Mei 11

Hii sikuwa nimepanga iwe ndani ya mradi. Mama mmoja abiria alisimama akituangalia tukipangusa, akaniuliza, "Na ile kikohozi ya mtu wa nyuma, mnaipangusa na nini?" Kijana wake amemaliza dawa za TB mwaka uliopita, miezi sita.

Sikuwa na jibu la kumpa na ndoo mkononi. Viini vya TB vinatoka kwa mtu akikohoa ama hata akiongea na vinaelea hewani kwa saa nyingi kama hewa haitembei. Hata ungepangusa kila inchi na Jik, abiria 33 kwa jamu ya Lang'ata Road saa moja unusu madirisha yakiwa yamefungwa wanapumua hewa moja. Kitambaa kinasaidia mambo ya mikono, ya kuhara na mafua yale ya kushika halafu unajigusa pua. Ya hewani yanataka dirisha.

Tukakagua madirisha ya gari mbili. Kati ya yale ya kuteleza, sita hayakuwa yanafunguka kabisa, mengine lachi imevunjika, mengine vumbi na gundi ya stika vimeziba njia yake. Mengi yalihitaji mswaki, maji ya sabuni na mshumaa kupaka kwenye reli, gharama karibu hakuna. Lachi mpya na fundi mwenye gari alilipa mwenyewe, KSh 2,500, na ni yule yule wa kiti.

Tunachoomba konda afanye: dirisha moja mbele na moja nyuma upande wa pili ziwe wazi upana wa vidole vinne, safari yote, hewa ipite katikati ya watu. Asubuhi kukiwa baridi abiria wanafunga. Wengine wanakasirika. Konda mmoja sasa anawaambia, "Wazazi wangu, tuwachie watoto hewa kidogo," na mara nyingi wanaacha. Kwa hiyo sehemu ya mradi nguvu yetu inaishia kwa hiyo sentensi yake.

Mei 25

Hesabu mpaka leo. Pampu, ndoo, glovu, vitambaa, tochi, vikaratasi, kiti na ule mtungi mbaya ni KSh 10,420, toa 1,500 ya kuuza pampu, imebaki KSh 8,920 kutoka mfukoni. Mwenye kuanza leo akiruka pampu, kiti na mtungi ataanza na chini ya 5,000, na tochi asiiache, ndio kitu cha bei ndogo kilichotufundisha zaidi.

Kuosha kamili gari moja ya viti 33: Jik kama KSh 11 (lita tatu za maji yaliyochanganywa), sabuni 15, maji mitungi miwili 40, vijana wawili mia mia. Inafika kama 270. Watu wananiambia dawa ni ghali. Dawa ni shilingi kumi na moja, kilicho ghali ni mkono wa mtu, na huo ndio unafanya kazi. Wenye gari wawili wamekubali kulipa 300 kwa ile ya usiku mara tatu kwa wiki. Ya mchana bado naifanya bure, na siwezi kuendelea nayo hivyo zaidi ya mwezi wa saba, naongea na viongozi wa laini waone kama kila gari inaweza kutoa 50 kwa siku.

Vifungo vya mikanda bado vinatushinda kwa gari moja, 18 kwa 20 wiki ya tano sasa. Nyuma ya dere ule ukingo wa chuma umeanza kutu kidogo, naona maji matupu ya mwisho hayafiki pale, tunaongeza kitambaa kimoja cha hapo peke yake. Mtungi wa kunawa mikono umerudi steji, konda wananawa kabla ya kula, hilo waliliomba wenyewe.

Kesho saa tano inaingia gari ya aina nyingine, ya viti 14, mlango wa kuteleza, abiria wanashika vitu tofauti kabisa. Nimepanga kuipanda asubuhi na daftari nihesabu upya.